Kichupa Namba Arobaini na Saba

Kazi yangu ilikuwa mbu. Watu wa Mpanda walinicheka kwa hilo: mwanamke mzima, kasomeshwa na serikali miezi mitatu Nairobi, karudi na wavu mdogo kufuata kitu ambacho wenzake wanakiua kwa kofi. Niliwaacha wacheke. Mimi Fausta nimezaliwa Mpimbwe, kati ya majaruba ya mpunga. Mbu na mimi tumejuana tangu utoto, na hakuna kati yetu anayemwonea mwenzake aibu.

Kituo chetu cha utafiti kilikuwa vyumba vitatu vya bati, si mbali na stesheni ya treni. Tulikuwa wawili: mimi, na mkuu wangu Gelasius, mtu mwema aliyefunga tai hata Oktoba. Nilikuwa nikitega mbu vijijini, nawachambua kwa aina, nawatia kwenye vichupa vyenye namba, vichupa navitia kwenye mtungi wa baridi kali. Mtungi ulipanda treni kwenda Tabora, na kutoka huko ukaenda zake mpaka maabara ya ng'ambo. Majibu yalikuja mara moja moja, na karibu yote yalisema hakuna kilichoonekana.

Lakini nilikuwa na hamu yangu, na niliipata Nairobi. Tulifundishwa na mama mmoja wa Kihindi mwenye sauti ya taratibu, saa nane mchana, saa ambayo macho yanajifunga yenyewe, na mpaka leo sijui ni yapi aliyoyasema yeye na yapi niliyoyaota mimi. Alisema kirusi kikipatikana hakiulizwi kwanza kimemuua nani. Kinaulizwa kimebeba nini tumboni, uzi wa urithi wa aina gani, mmoja au jozi. Kinaulizwa kama kina koti au kiko uchi. Halafu kinatazamwa umbo kwa darubini ya umeme. Mwisho wanatafutwa ndugu zake: inachukuliwa damu ya mnyama aliyekwisha kuugua kirusi kinachojulikana, na inaangaliwa kama damu ile inakitambua hiki kipya. Ikikitambua, ni ndugu. Isipokitambua, ni mgeni.

Ukoo ukijulikana kinapewa jina la ukoo, mlango wake ndani ya ukoo ukijulikana kinapewa jina la mlango, na majina hayo makubwa yanapitishwa na kamati ya dunia nzima. Ila jina lake lenyewe, lile watakaloliita watu, kwa virusi vya mbu na kupe desturi ni mahali kilipookotwa: mto, msitu, kijiji. Mara chache huwa ni neno la wagonjwa wenyewe, kama lile la Wamakonde kwa homa inayomkunja mtu. Nilisikia hayo nikiwa nimeegemea mkono, nikaona virusi vimepanga foleni mbele ya meza ya karani, kila kimoja kimeshika kofia mkononi, kinaulizwa ukoo wake. Nilitaka siku moja kimoja cha foleni ile kiwe changu. Sina mtoto, na sioni haya kusema kwamba nilitaka kuacha nyuma yangu kitu chenye jina.

Desemba ya mwaka tisini na nne zilikuja habari za homa kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe huko porini, mbele ya kijiji cha Litapunga. Haikuua mtu. Iliwalaza siku tatu nne, viungo vikauma, na wote walisema walipokuwa wagonjwa waliota sana. Nilipanda baiskeli na mitego yangu. Nikafika mahali penye kaya sita hivi zilizotawanyika, mazizi ya miti, na mvua iliyokuwa ikinyesha polepole kama haina haraka ya kwenda popote. Kijana aliyenipokea aliitwa Machibya. Nilimuuliza hapa ni wapi, niandike. Akasema hapa ni Kabula. Nikaandika Kabula kwenye kila kichupa, hamsini na viwili vyote, kwa kalamu isiyofutika.

Siku ya nne homa ilinishika mimi mwenyewe. Hana, mke wa Machibya, alinilaza kwenye nyumba yake, akaninywesha uji wa mtama kwa kijiko, akafukuza kuku waliotaka kunipanda. Mvua ilikuwa ikigonga nyasi za paa mchana kutwa. Katikati ya usingizi nilimwona mwanamke mnene, wa makamo, amekaa kijitoni ananawa miguu. Alinyanyua uso akaniuliza, bila ukali, mbona nimelalia nguo yake. Nilipopona nilimsimulia Hana. Kijiko kikamponyoka mkononi. Akasema, kwa alivyosimuliwa, huyo ni mama mkwe wake, aliyekufa hata kabla yeye hajaolewa.

Mengine nilielezwa na mzee Malale, baba yake Machibya. Walitoka Kwimba mwaka themanini na tatu, wanatafuta malisho. Mkewe Kabula aliugua njiani, akafia hapo kandokando ya kijito. Wakamzika, na walipomaliza kuzika hakuna aliyetaka kuswaga ng'ombe na kuliacha kaburi peke yake porini. Basi wakabaki. Watu walipouliza wanakaa wapi, wakajibu wanakaa kwa Kabula, na baadaye ikawa Kabula tu. Tangu hapo, kila mvua zikianza, marehemu alimjia mzee usingizini akimuuliza atalala nje mpaka lini. Maana yake alitaka jina lake lipewe mtoto wa kike wa nyumba ile, ndipo apate pa kukaa. Mzee alikuwa na wana watatu wa kiume, na wana hao walikuwa wamezaa wavulana saba. Msichana hata wa dawa hakuna.

Nilisikiliza, nikasikitika, nikarudi Mpanda na vichupa vyangu. Haikunipitia akilini kwamba nimebandika jina la marehemu, linalongoja kupewa mtoto, kwenye chupa za mbu. Mpimbwe mzima, niliyefundishwa na bibi yangu kwamba ukifika mahali pageni unauliza kwanza pameitwaje na kwa nini, niliandika bila kuuliza.

Barua ilikuja Machi, mwaka tisini na sita. Gelasius alinisomea amesimama, tai imepinda. Katika kichupa namba arobaini na saba wamekuta kirusi. Ukoo wake unajulikana, mlango wake unakisiwa, lakini hakuna damu inayokitambua. Ni mgeni. Kwa kufuata desturi wanapendekeza kiitwe kirusi cha Kabula, na katika orodha litaandikwa jina la Fausta kama mwokotaji. Nithibitishe tu jina la mahali kabla ya mwisho wa Aprili.

Nilikwenda kukaa nyuma ya kituo, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikalia kwa furaha kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Nilikiona kimetoka kwenye foleni na kofia yake, kinanitazama mimi. Nikalitamka lile jina mara nyingi, na kila mara lilikuwa tamu. Mara ya kumi au ya kumi na moja nikamkumbuka yule mwanamke wa kijitoni, na furaha ikanitoka.

Kesho yake nilipanda lori la mahindi mpaka Litapunga, na kutoka pale baiskeli ya kuazima. Nilimkuta mzee Malale zizini, asubuhi, maziwa yanatoa mvuke. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani mama, mwangaluka baba, nikamweleza yote bila kuficha. Alitaka kujua wamejuaje kwamba ni kigeni. Nilipomweleza akacheka kwa raha, akasema basi ni kama ng'ombe aliyepotea: unatazama rangi, unatazama pembe, unatazama alama ya sikio, na ukishindwa unamwachia uone atapokewa na kundi la nani. Nikamwambia ndivyo hasa, na hiki hakijapokewa na kundi lolote.

Nilidhani atakasirika. Badala yake alisimama wima, akafurahi. Jina la mkewe kwenye vitabu vya dunia nzima, lisomwe na watu waliovuka bahari! Alisema huenda hapo ndipo Kabula alipokuwa akitaka kulala, na yeye mjinga amekuwa akisubiri wajukuu. Akamwagiza Machibya amfunge beberu mwekundu kwenye mti, tule. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulipepea. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, sasa nakaribishwa nyama.

Hana alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa jiko, anapepeta mchele, na tumbo lake limejaa. Ulibaki kama mwezi mmoja. Yapasa mjue kwamba katika nyumba ile mkwe hatamki jina la mkwe. Miaka saba Hana alikuwa ameishi mahali asipoweza kupataja. Akiulizwa sokoni anatoka wapi, alisema natoka kule kwetu, akaonyesha kwa kidevu. Aliweka ungo chini, akauliza kwa heshima, macho yake ardhini.

"Mayu, hilo jina, ugonjwa ukiisha linatolewa?"

"Halitolewi," nilisema.

"Hata wakifa mbu wote?"

"Hata wakifa wote."

Halafu akamgeukia mzee, jambo ambalo sikuwahi kuliona akilifanya.

"Baba, unisamehe. Yule mdudu wa Zaire aliyetangazwa redioni mwaka jana, wanasema jina lake ni jina la mto. Nyie mkilisikia jina lile mnakumbuka mto? Mimi nakumbuka damu. Sasa nikizaa msichana nitamwita nani? Kabula? Nimwite Kabula, aende shule Mpanda, wamuulize yeye ni ndugu wa ile homa?"

Jina lilikuwa limemtoka mara mbili. Machibya aliacha kamba. Mzee Malale alikaa juu ya gogo la zizi taratibu, akamtazama mkwe wake kwa muda, na hakumkaripia. Mwishowe akasema beberu afunguliwe.

Nilitafuta njia nyingine siku ile nzima, maana sikutaka kukosa vyote. Niliuliza kijito kinaitwaje: ni kijito cha Kabula. Kile kilima? Ni cha Kabula, ndiko kuni za msiba zilikotoka. Homa yenyewe wanaiitaje kwa Kisukuma? Machibya alifikiri, akasema ni homa tu, ikipita imepita. Wamakonde walikuwa na neno lao, mimi Wasukuma wangu wamenipa homa tu.

Litapunga nilimuuliza mama Helena, Mkonongo aliyezaliwa upande ule kabla ya vijiji kukusanywa, kama pori lile liliwahi kuwa na jina. Alisema zamani kulikuwa na watu wachache wa asali. Serikali ilipowahamisha kwenye kijiji kipya walihama na jina la mahali pao, wakakipa jina hilo kitongoji chao kipya, na pale walipotoka pakabaki hivyo hivyo. Aliongea akimenya mihogo, kana kwamba ni kawaida jina kufungwa kwenye mzigo pamoja na vyungu. Usiku haukuwa umeingia bado, lakini nilihisi niko ndotoni, natembea kwenye nchi iliyofutwa.

Niliporudi Mpanda, Gelasius alinisikiliza, akaniambia niache utoto, niandike Litapunga. Nikamuuliza watu wa Litapunga wamekosa nini. Wanauza mahindi na asali, nani atanunua asali yenye jina la homa. Nikamwambia basi tukiite kirusi cha Mpanda. Akashtuka.

"Mpanda? Mimi nina nyumba Mpanda."

Tukatazamana, tukacheka wote wawili, yeye kwa aibu. Halafu akasema taratibu, kama rafiki, kwamba nikiandika kuwa jina la kwenye kichupa si la mahali, maabara itaona lebo zangu hazina uhakika. Kirusi hakitapewa jina. Kitaingizwa kwenye orodha ya vile visivyopangwa, na jina la Fausta halitaandikwa popote. Nililijua hilo. Nililijua tangu zizini.

Nilikaa na barua ile wiki tatu. Kila nikisinzia mezani nilikiona kirusi changu foleni ikiisha, kimebaki peke yake mbele ya karani, kinazungusha kofia. Mwishowe niliandika mistari sita. Nilisema neno Kabula ni jina la mtu na si la mahali, kwamba kosa ni langu, kwamba mahali penyewe hapana jina ninaloweza kulitoa. Nikaipeleka posta Ijumaa, siku ambayo gunia la barua linapanda treni. Verdiana wa posta aliipiga muhuri, akaitupia gunini. Iliniuma. Sitaki kujifanya haikuniuma.

Nilikuwa bado nimeegemea kaunta tukizungumza na Verdiana bei ya mchele, Machibya alipoingia ameloa chapachapa. Alikuwa ametoka kituoni kunitafuta. Alikuja mjini kununua sukari na sabuni, na kunipa habari: Hana kajifungua Jumanne, mvua ikinyesha, salama.

Nilimuuliza mtoto gani. Akatazama miguu yake.

"Wa kiume."

Mvulana wa nane. Nilicheka mpaka nikashika kaunta, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, nikawa sijui kipi ni kipi. Verdiana alikuwa anakijua kisa chote, maana Mpanda ni mji wa kusimuliana. Alitazama gunia, akanitazama mimi.

"Fausta, halijafungwa bado. Nikutolee?"

Barua ilikuwa juu kabisa, naiona na mwandiko wangu. Hakukuwa na msichana. Hakukuwa na wa kuulizwa shuleni. Jina lilikuwa halina mtu, na kirusi kilikuwa hakina jina, na treni ilikuwa inaondoka baada ya saa mbili. Ningenyoosha mkono tu. Nilimuuliza Machibya mzee kasemaje.

"Baba kasema tutasubiri."

"Na Hana?"

"Hana hajasema kitu. Ila ile nguo aliyoishona, ya kike, kaikunja akairudisha kwenye sanduku. Hakumpa mtu."

Kuna mvua za Mpanda ambazo zikinyesha juu ya bati hata mawazo yako mwenyewe huyasikii, na nadhani hiyo ilikuwa moja. Halafu nilimwambia Verdiana afunge gunia. Alilifunga kwa kamba, akaweka lakiri, na mimi nikamsindikiza Machibya dukani kuchagua sabuni.

Jibu lilikuja Agosti, karatasi moja. Walishukuru kwa ukweli wangu. Kirusi kitahifadhiwa kwenye baridi kikiwa na namba yake ya kichupa, arobaini na saba, katika orodha ya visivyopangwa. Gelasius aliibandika ukutani bila kuniuliza, na sikuibandua.

Mara ya mwisho nilikwenda kule Desemba ya tisini na tisa, na mitego mipya. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nilikuwa nimechuchumaa kijitoni nachota viluwiluwi vya mbu nilipomsikia Hana akiita kwa sauti kubwa, kutoka jikoni mpaka ng'ambo ya zizi, jina ambalo zamani alilionyesha kwa kidevu.

"Kabula! We Kabula, rudi, unaloa!"

Kitoto cha kike kikatoka majanini, hakijafika miaka miwili, tumbo mbele, matope mpaka magotini. Kilizaliwa katika zile mvua kubwa za El Nino zilizokata reli. Mzee Malale mwenyewe alimruhusu Hana kulitaja jina, akasema sasa ni la mtoto, marehemu kishaingia ndani. Na kweli, mzee alisema tangu siku ile haoti kitu, analala kama gogo.

Kitoto kilisimama kunitazama. Kilikuwa kinene. Kilikaa kwenye maji bila kuombwa, kikaanza kujinawisha miguu, na mimi nikashindwa kuendelea na kazi kwa muda.

Hana alikuja kukichukua. Nilikuwa nimeshika kichupa cha kwanza na kalamu, na nafasi ya kuandika jina la mahali ilikuwa tupu. Safari hii niliuliza.

"Hapa niandike ni wapi?"

Alimpakata mwanawe ubavuni, akapangusa matope, akacheka kidogo.

"Andika namba, mayu."

Nikaandika namba moja, nikapuliza wino ukauke.